Vidole vya Wifi Yangu Mashine

Wateja walimwita Mashine. Jina hilo alipewa na mama mmoja aliyekaa kitini akasinzia, akaamka akakuta kichwa chote kimesukwa rasta ndogondogo, zimenyooka kama zimepigiwa rula. Akaangua kicheko: "Jamani, huyu si mtu, ni mashine!" Tangu siku ile hakuna aliyemwita vingine, hata kaka yangu aliyemuoa. Mimi peke yangu niliendelea kumwita wifi. Yeye alisuka, mimi niliosha nywele na kukausha, na mbele yetu kulikuwa na kioo kirefu ambamo tuliwasengenya watu kwa macho tu.

Nimeamua kuyasimulia mwenyewe kwa sababu yameshaanza kutiwa chumvi. Juzi nimesikia eti Mashine alirogwa na msusi wa mtaa wa pili. Mwingine anasema alilishwa kitu. Upuuzi mtupu! Hakulishwa kitu na mtu. Alichokula alikipika mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Ugonjwa ulianza na asubuhi. Aliamka vidole vimekakamaa, hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Tukasema amelalia mkono. Kesho yake tena, na keshokutwa tena, halafu viungo vikavimba, vikawa vyekundu, ukivigusa vina moto. Alikuja kazini akatia mikono kwenye beseni langu la maji ya uvuguvugu kabla mteja wa kwanza hajafika, akiifungua na kuifunga polepole, na akisikia mlango anaichomoa haraka na kujifanya anatafuta taulo. Mimi roho ilikuwa juu. Msusi bila vidole ni nini? Ni mtu tu amesimama nyuma ya kiti.

Hospitali tulikwenda wote wawili, kwa kuwa kaka yangu, ambaye ni fundi wa friji, alikuwa ameitwa kwenye bucha moja ambako nyama ilikuwa inaanza kunuka. Daktari alikuwa kijana. Alipoingia tulidhani ameleta faili tu. Akamwamkia wifi kwa adabu, "Shikamoo dada," akavuta kiti, akamshika kidole kimoja kimoja, anabonyeza taratibu huku akimtazama usoni aone panauma wapi. Wifi akaninong'oneza, "Anafanana na mdogo wangu wa mwisho." Kweli alifanana naye, mpaka masikio. Nikacheka. Nisingecheka kama ningejua masikio yale yatakuja kutuponza.

Majibu ya damu yalipotoka akatueleza kwamba ni baridi yabisi, ile kali. "Si ya hali ya hewa, dada, wala si ya uzee. Kinga ya mwili, ile ya kupigana na maradhi, imekosea adui. Inapigana na viungo vyako mwenyewe. Tusipouzima huo uvimbe utakula mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi." Akamwandikia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Halafu akashusha sauti. "Na jambo moja. Ukiwa kwenye dawa hii usishike mimba, inamdhuru mtoto. Lazima iachwe mapema kabla. Kama mna mpango wa mtoto, niambie."

Wifi akatazama viatu vyake. "Hatuna mpango," akasema.

Uongo! Niseme wazi sasa hivi, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Wifi alikuwa anataka mtoto kuliko kitu chochote. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika kabla hata haijaonekana, na tangu hapo hakuitaja tena. Sisi wenye akili fupi tukadhani amesahau. Hakusahau hata siku moja. Lakini angeanzaje kumweleza habari za kitandani kijana mwenye masikio ya mdogo wake, tena aliyetoka kumwamkia? Alimeza maneno, na nyumbani akamwambia kaka yangu tu kwamba dawa hiyo haiendi na mimba, basi. Kaka yangu si mtu wa maneno. Alisema sawa, akaenda kunawa mikono.

Kabla hatujatoka, wifi aliuliza, "Na chakula je?" Kijana akachangamka kweli. Akamwambia ale samaki, hasa wale wenye mafuta yao wenyewe, mboga za majani za kila aina, maharage, dengu, karanga, matunda, na nafaka ambazo hazijakobolewa. Manjano na tangawizi atie kwenye mapishi, si vibaya. Apunguze sukari, soda, mkate mweupe, soseji na vitu vya kuogelea kwenye mafuta. "Ulaji wa namna hiyo unawasaidia baadhi ya watu kupunguza uvimbe wa ndani," akasema. "Si wote, na si kwa siku moja. Unaisaidia dawa. Hauchukui nafasi yake."

Mimi niliyasikia yote. Wifi aliishika nusu ya kwanza, akatoka nayo.

Nyumbani kwao kukawa na utawala mpya. Kaka yangu alirudi kutoka kazini akakuta sahani ya kijani, akanyanyua jani moja kwa uma akalitazama kwa mwanga. "Mke wangu, tumekuwa sungura?"

"Kula. Umewahi kumwona sungura analalamika magoti?"

Akala, kwa shingo upande, na samaki akamchambua miiba huku anaguna.

Kazini ndiko kulikokuwa na balaa. Kusuka kuna sheria yake ambayo hakuna aliyeiandika. Kichwa cha rasta ndogo kinakula mchana mzima, na mteja anayekaa mchana mzima hali peke yake. Anaagiza chipsi, anaagiza soda mbili, moja yake, moja ya msusi, na mnakula pamoja mkipiga domo. Ukikataa, umemdharau. Au unamsuka kwa kinyongo, na nywele zikija kukatika atajua wa kumlaumu. Wifi alikuwa hajawahi kukataa maishani mwake. Sasa siku ya kwanza akasema tumbo limejaa. Siku ya pili akasema amekunywa dawa ya minyoo. Ya tatu akakosa cha kusema, akafungua kopo lake la mboga na samaki, akala kwa kujificha kwenye kichumba cha nyuma, na saluni nzima ikanuka samaki.

Ukweli hakuweza kuusema. Nani atakupa kichwa chake umsuke, akijua vidole vyako vinaweza kugoma katikati? Kwa hiyo watu wakatafuta maana wenyewe. Mama Mapacha, mteja wetu wa siku nyingi, mdomo wake hauna breki, alimtazama kwenye kioo akitafuna kipande cha tangawizi, akapiga kiganja pajani. "Hataki mafuta, hataki soda, anatafuna tangawizi. Mashine, hongera! Ulidhani utatuficha mpaka lini?"

Wanawake wakashangilia. Mimi nikamtazama wifi kwenye kioo, nangoja akanushe. Akatabasamu.

Nilimvuta mpaka kwenye sinki. "Umerukwa na akili?"

"Waache waamini, wifi. Mimba inawafurahisha. Vidole vibovu vitawafukuza."

 Nilimwona alivyopitisha kiganja tumboni, haraka haraka, kama mtu anayejifuta unga.  Nikageuka nikafungua bomba kwa nguvu, maji yakanirukia usoni.

Sasa lililotushangaza wote ni kwamba chakula kile kilifanya kazi. Si miujiza, taratibu tu. Asubuhi zake zikaanza kulegea. Akafunga vifungo mwenyewe. Akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ambacho mimi nilishindwa. Tuliporudi hospitali, yule kijana akasoma vipimo vya damu, akatabasamu mpaka ufizi: uvimbe ulikuwa umeshuka kuliko alivyotarajia kwa dawa peke yake. "Endelea hivyo hivyo, dada. Dawa na chakula, chakula na dawa." Kwenye korido wifi alinifinya bega kunionyesha nguvu, nikapiga yowe, nesi akatufukuza, tukatoka nje tunacheka hatuna mbavu.

Nilicheka, lakini usidhani nilitulia. Kila asubuhi alipoingia saluni nilimtazama mikono kabla ya uso. Nikiona ameshika mkoba kwa mkono wa kushoto, nakimbilia kumpokea. Nikiona ameuliza wakati, nadhani anataka kumeza dawa ya maumivu. Nilikuwa nimechoka kwa hofu ambayo hata si ya vidole vyangu.

Na zile habari za mimba zikatembea mpaka zikamfikia mama.

Mama yangu ndiye mkwe wake, na wanapendana, usije ukafikiri vibaya. Alikuja saluni mchana, amevaa viatu vyake vya safari, na mfuko mkubwa. Akautoa mbele ya watu: visweta vidogo vya sufu, vya manjano na vyeupe, na soksi za kuingia kidole gumba tu. Alikuwa amevifuma mwenyewe, na macho yake yale yasiyoona hata sindano. "Mwanangu," akamwambia wifi, "hata mimi wa kunificha?"

Wateja wote wanatabasamu. Wifi alikuwa ameshika kichwa cha mtu. Akamwomba mama waende kichumba cha nyuma, na mimi nikafuata.

"Mama, si kweli. Ni maneno ya saluni tu. Nisamehe."

Mama hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikunja vile visweta kimoja kimoja, polepole, akavirudisha kwenye mfuko. Halafu akauweka mfuko juu ya kabati la taulo. "Viache hapa," akasema. "Sufu haiozi." Akaaga, akaondoka.

Nilimkimbilia barabarani nikamfokea mama yangu mzazi. "Kwa nini umeuacha? Unamtia presha!" Akanitazama ameduwaa. "Kwani nimesema nini?" Na kweli hakuwa amesema kitu. Nilirudi saluni nimejaa hasira na sina wa kumpa.

Wiki ile ile wifi aliacha dawa. Hatukujua, si mimi, si kaka yangu. Alikuwa amepiga hesabu zake. Daktari amesema dawa iachwe mapema kabla ya mimba. Chakula kinapunguza uvimbe. Basi chakula kitashika vidole wakati dawa inatoka mwilini, na mtoto atapata nafasi. Ukizisikia haraka haraka zina maana kabisa, ndiyo ubaya wake. Siku ya dawa kaka yangu alimletea kidonge na glasi ya maji, kama kawaida yake. Wifi alikiweka chini ya ulimi, akanywa, akamshukuru, halafu akaenda kukitema chooni.

Akazidisha chakula. Samaki asubuhi, samaki jioni. Manjano akaitia mpaka kwenye uji, mpaka ncha za vidole zikawa na rangi, na mteja mmoja mwenye rasta nyeupe akaondoka na madoa kichwani bila kujua. Nilimtania, "Wifi, utakuja kuchipua." Alicheka kidogo. Nikaona ameanza tena kutia mikono kwenye beseni langu. Nilipouliza akasema ni mazoezi. Akanikazia macho, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si desturi yangu.

Yakamfika siku ya bibi harusi. Binti alikuja asubuhi, ndoa kesho yake, kichwa chote rasta nyembamba za kufungwa juu. Nusu ya kwanza ikaenda vizuri. Halafu kitana kikaanguka. Nikakiokota, nikampa. Kikaanguka tena. Nikatazama kwenye kioo, nikaona uso wake umelowa jasho na meno yameuma midomo. Mikono ilikuwa imesimama hewani, imeshika fungu la nywele, haishuki wala haipandi.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "njoo unishikie hapa. Siwezi kuachia."

Nilimfungua vidole mimi, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika kisu. Vilikuwa vinawaka. Bibi harusi akaanza kulia kabla hajaelezwa chochote. Nikasema ni kichefuchefu cha mimba, Mungu anisamehe, nikamtuma jirani amwite msusi wa mtaa wa pili. Alikuja, akamaliza kile kichwa bila nongwa, na shukrani aliyopata ni kuitwa mchawi.

Hospitali nilimwingiza wifi nimemshika kiuno, maana na magoti yalikuwa yameshavimba. Yule kijana alisimama alipotuona. Hakutabasamu. Akamtuma akapigwe picha ya mifupa ya mikono, ilipoletwa akaibandika kwenye kioo chenye taa, akakaa anaitazama, ametupa mgongo.

"Dawa unameza, dada?"

"Anameza!" nikadakia. "Mumewe mwenyewe ndiye anayempa."

"Simezi," wifi akasema.

Niligeuka. Nadhani sauti yangu ilifika mpaka mapokezi. "Humezi? Humezi vipi? Sisi tunakesha roho mkononi, wewe humezi? Unataka nini, wifi? Ukatwe hiyo mikono? Hebu niambie, unataka nini wewe?"

Alikuwa ametazama ukutani. Hakumtazama daktari, hakuweza. Alinigeukia mimi, akaninyooshea ile mikono iliyovimba kama nitaishika, akasema taratibu, "Ninataka mtoto, wifi."

 Hasira yangu ikaniishia miguuni. Nikaishika mikono, kidogo tu, kwa hofu ya kumuumiza.

Yule kijana naye hakumtazama. Aliinamia meza yake, akawa anasogeza kalamu huku na huku. Alikuwa ameelewa, na ameelewa pia kwa nini maneno yale hayakuja kwake. Alipofungua mdomo, alizungumza na mimi.

"Dada, mwambie wifi yako chakula chake hakikumdanganya. Uvimbe kwenye vipimo vya damu ulishuka kweli, na asikiache. Lakini amekibebesha mzigo ambao hakiwezi kuubeba peke yake."

"Amesikia," nikasema. 

"Mwambie pia kwamba ziko dawa nyingine za ugonjwa huu. Wapo wajawazito wanaozimeza, chini ya uangalizi. Ningejua siku ile ya kwanza, ningempangia hizo tangu mwanzo."

Niliona wifi anafunga macho. Tangu mwanzo! Asubuhi zote zile, vidonge vyote vilivyotemwa chooni, soda zilizokataliwa, visweta, kumbe dawa ilikuwepo, imekaa upande wa pili wa neno moja ambalo alishindwa kulisema. Nilitaka kupiga kelele na sikujua nimpigie nani.

"Na mikono?" nikauliza. "Itarudi?"

Akaiendea picha. "Uvimbe utashuka, magoti yatashuka. Lakini kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, mfupa umeshaliwa. Pale hapatarudi kama zamani."

Msusi husukia hivyo viwili. Wifi alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua. Machozi yakaanza kumshuka, hayana sauti, na hakuweza hata kuyafuta. Nikamfuta kwa kanga yangu.

"Muulize," akaniambia, "hivi viwili, vitamshika mtoto?"

Sikuhitaji kuuliza. Daktari akajibu akiwa bado anaitazama ile picha. "Mwambie vitamshika. Kusuka ndiyo siwezi kumwahidi."

 Wifi akajiinua kidogo kwa viwiko, akakigeuza kiti chake kutoka kwangu, akakaa akimwelekea yule kijana, uso kwa uso.

"Niandikie hiyo dawa," akamwambia. "Na unieleze mimi mwenyewe, tangu leo nisubiri mpaka lini kabla ya kulala na mume wangu bila kinga."

Mimi, mwenye mdomo wote huu, ndiye niliyeona haya nikatoka nje.